Ziara ya makaburi ya Wapolandi, Ifunda na Kidugala: pesa inalipa, ila mwongozaji aimalize hadithi

Nianze na bei, maana ndiyo kila mtu ananiuliza. Ni shilingi 250,000 kwa gari zima, Noah inayoingiza abiria 6 bila kubanana. Mafuta yamo humo, chakula juu yako. Mnaondoka Iringa mjini saa 12 na nusu asubuhi, mnapita Ifunda, mnakula njiani, mnafika Kidugala, mnarudi giza limeshaingia. Mkichangiana haiumizi. Mimi nilikwenda na mdogo wangu anayeishi Kihesa pamoja na walimu wenzangu wawili kutoka Mafinga. Nimeridhika, nitakwenda tena, na nina neno moja kubwa kwa kijana anayeendesha huduma hii. Nimeshamwambia uso kwa uso. Naliandika hapa ili na nyinyi mtakaokwenda mumdai.

Jina lake silitaji kwa kuwa sikumwomba ruhusa, lakini ukiuliza madereva wa kukodi pale Miyomboni watakuonyesha. Kazi yake ya kila siku ni kupeleka watalii Ruaha na Isimila. Safari hii aliianzisha baada ya kuona wageni wazee wakija mara kwa mara kutafuta kaburi la bibi au la dada aliyefia Tanganyika. Akaona kama watu wanatoka Uingereza na Kanada kuja kuuliza, sisi tunaopita Ifunda kila wiki kwenda Mbeya tunashindwaje kuuliza?

Kwa wasiojua: wakati wa Vita Kuu ya Pili, Tanganyika ilipokea maelfu ya wakimbizi kutoka Poland, wengi wao wanawake na watoto. Kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, kule Arusha, yenye watu wapatao 5,000. Nyingine zilikuwa Kondoa, Morogoro, Kigoma, na mbili huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, yaani Ifunda na Kidugala. Jirani zetu wa Zambia nao walikuwa nazo, mojawapo Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, si mbali na mpaka wetu. Nimefundisha vita hivyo kidato cha nne miaka mingi, na kitabu cha kiada hakina hata mstari mmoja juu ya Ifunda.

Ifunda ndipo huduma hii inapong'aa. Kijana haanzi kuhutubia. Anakuacha utembee kwanza kati ya makaburi, usome mwenyewe, kisha anakuja taratibu. Nilisimama mbele ya kaburi la saruji, fupi kama dawati la mwanafunzi wa darasa la kwanza. Kuvu la kijivu limeshika pembeni na herufi zimeanza kulika. Mdogo wangu alipiga magoti, akafuta vumbi kwa kitenge chake mpaka tarakimu zikaonekana. Alipomaliza kutoa mwaka mmoja kwenye mwingine hakusema kitu, na kijana naye hakusema kitu. Mwongozaji anayejua kunyamaza ni wa kuthaminiwa.

Pembeni alikuwepo mzee wa jirani. Tukamwamkia "Kamwene", akaitika, akatusogelea. Mama yake aliwauzia mayai wakimbizi hao. Alimsimulia kwamba hawa hawakuwa wazungu wa kutuma mtu: walichota maji wenyewe, walilima bustani zao, walishona nguo za watoto wao. Watu wa hapa hawakuwahi kuona mzungu maskini, wakashangaa. Kijana alimwachia mzee azungumze mpaka mwisho, wala hakutazama saa. Eneo la kambi baadaye likawa shule ya ufundi, na vizazi vya mafundi wa nchi hii vimepita mahali ambapo watoto wa Kipolandi walisomeshwa kwa lugha yao, wakaimba kwaya na kupiga gwaride la skauti.

Kisha akatandaza ramani yake juu ya boneti la gari. Ameichora mwenyewe kwenye karatasi ya manila kwa maka peni, na safari ya wakimbizi anaisimulia vizuri kuliko nilivyowahi kusikia. Tarehe 23 Agosti 1939 Ujerumani na Muungano wa Kisovieti walitia saini mkataba wa kutoshambuliana, na kwa siri wakagawana Poland. Hitler akaingia kutoka magharibi tarehe 1 Septemba, Stalin akaingia kutoka mashariki tarehe 17. Usiku wa tarehe 10 Februari 1940, katikati ya baridi ya kuua, polisi wa usalama wa Kisovieti waligonga milango ya vijiji vya mashariki. Familia zikapewa muda mfupi wa kufunga mizigo, zikapakiwa kwenye mabehewa ya ng'ombe, zikapelekwa kukata magogo Siberia na mikoa ya kaskazini ya Urusi. Mwezi Aprili wakaja kuchukua wengine, safari hii wakiwapeleka Kazakhstan. Juni tena, na Juni ya mwaka uliofuata tena.

Hitler alipomgeuka Stalin mwaka 1941, Stalin akawahitaji Wapolandi. Tarehe 30 Julai 1941 serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London ikakubaliana naye, wafungwa wakaachiwa, na Jenerali Władysław Anders akaanza kuunda jeshi humo humo Urusi. Mwaka 1942 jeshi hilo lilivuka Bahari ya Kaspi kwenda Iran, likiwa na raia waliokonda kwa njaa na homa ya matumbo. Wote kwa pamoja walizidi 110,000. Wanaume wakaendelea na vita, na mwaka 1944 wengi wao walipigana Monte Cassino huko Italia. Wake na watoto wengi wakaletwa Afrika Mashariki. Kijana anapitisha kidole chake kutoka behewa hadi meli, hadi treni, hadi lori linalopanda milima yetu, na unaona kabisa mama aliyetoka kwenye theluji akishuka Ifunda na watoto ambao hawajui baba yao yuko hai au amekufa.

Hapo mdogo wangu akauliza: "Sasa vita ilipoisha, mbona hawakurudi kwao?"

Kijana akajibu, "Kwao kulikuwa na ukomunisti, mama."

Si uongo. Ila ni nusu, na nusu iliyobaki ndiyo neno langu. Wengi wa watu hawa hawakuwa na kwao pa kurudi, kwa sababu kwao hapakuwa Poland tena. Mwezi Februari 1945, huko Yalta, Churchill, Roosevelt na Stalin walikubaliana mpaka wa Poland usogezwe magharibi. Vijiji walikonyakuliwa vikaingia Ukraine, Belarus na Lithuania za Kisovieti. Jiji walilokuwa wakiliita Lwów ndilo Lviv tunalolisikia kwenye taarifa za habari tangu Februari 2022.

Na ardhi hiyo haikuwa tupu kabla yao. Hili halimo kwenye manila ya kijana hata kidogo. Ramani yake inaonyesha Poland kama shamba moja la watu wa aina moja, lililovamiwa na majirani wawili waovu. Uvamizi ni kweli na uovu ni kweli. Lakini Wolinia na Galisia ya mashariki, mikoa ya mashariki ya Poland ya kabla ya vita, ambako familia nyingi za Ifunda na Kidugala zilitoka, vijijini walio wengi walikuwa Waukraine. Wapolandi walikuwa wengi mijini na kwenye majumba ya makabaila. Wayahudi walikuwa wengi katika miji midogo, na Lwów penyewe walikaribia theluthi moja ya wakazi kabla Wajerumani hawajawaua karibu wote.

Mambo haya yana mizizi mirefu. Mwaka 1569, kwa Muungano wa Lublin, mkataba uliounganisha Poland na Lithuania, Wolinia na nchi ya Kyiv viliwekwa chini ya taji la Poland. Mabwana wenye ardhi walikuwa Wapolandi au wenyeji walioingia Ukatoliki na lugha ya Kipolandi, wakulima walikuwa Waorthodoksi waliofungwa kwenye ardhi ya bwana, wakimfanyia kazi bila ujira. Mwaka 1648 Bohdan Khmelnytsky aliongoza uasi wa Wakozaki, wapiganaji wa nyika za Ukraine, uliotikisa dola nzima, na katika uasi huo Wayahudi wengi walichinjwa. Kisha Poland yenyewe ikageuka mawindo. Urusi, Austria na Prusia, dola ya Kijerumani, waliigawana mwaka 1772, Urusi na Prusia wakaigawana tena 1793, na 1795 wote watatu wakaimaliza kabisa. Kwa miaka 123 hapakuwa na nchi huru iitwayo Poland kwenye ramani. Sisi walimu tunafundisha Berlin ya 1884 kama vile wakubwa wa Ulaya ndiyo kwanza walijifunza kukata nchi za watu kwa rula. Walikuwa wameshafanya hivyo nyumbani kwao. Upande wa Austria wakulima walifunguliwa kutoka kazi ya bure ya mabwana mwaka 1848, upande wa Urusi mwaka 1861, na wajukuu wa wakulima hao ndio walioanza kudai nchi yao.

Tarehe 1 Novemba 1918, dola ya Austria ilipovunjika, Waukraine walitangaza mamlaka yao Lviv. Wapolandi wa jijini wakachukua silaha, na hadi Julai 1919 Waukraine wa Galisia walikuwa wameshindwa. Mkataba wa Riga wa Machi 1921 ukagawa nchi ya Waukraine kati ya Poland na Wasovieti. Serikali ya Poland ikawapa askari wake waliostaafu mashamba katika maeneo hayo ya mashariki. Watu wa Iringa tunawaelewa walowezi, tumeishi nao Sao Hill na Mufindi, hatuhitaji kufafanuliwa mkulima asiye na ardhi anajisikiaje anapoona shamba la jirani limekwenda kwa mgeni aliyetoka vitani. Sheria ya 1924 ikapunguza shule za Kiukraine. Mwaka 1930 polisi na wanajeshi walipita vijijini wakichapa watu na kuvunja maktaba na maduka ya ushirika ya Waukraine. Mwaka 1934 wazalendo wa Kiukraine wenye siasa kali wakamuua waziri wa mambo ya ndani wa Poland, Bronisław Pieracki.

Familia za walowezi hao ndizo zilizotangulia kuchukuliwa usiku ule wa Februari 1940. Na hapa ndipo moyo wangu unaposimama kila nikifikiri. Mwaka 1943, wanawake wa Ifunda walipokuwa wakipalilia bustani zao kwenye udongo wetu mwekundu, majirani zao waliobaki Wolinia walikuwa wakiuawa. Wapiganaji wa jeshi la waasi wa Kiukraine walivamia vijiji vya Wapolandi wakaua makumi ya maelfu, hata watoto, hata walio kanisani. Wapolandi nao walilipiza, wakaua maelfu ya Waukraine. Vita ilipoisha, mwaka 1947, serikali ya Poland iliwahamisha kwa nguvu Waukraine na Walemko, jamii ya milimani iliyo karibu nao, wapatao 140,000 kutoka kusini mashariki ya nchi, ikawatawanya kaskazini na magharibi. Aliyelala kaburini Ifunda alionewa. Mkulima wa Kiukraine aliyenyang'anywa shule alionewa. Mwongozaji anayetaja mmoja tu anamdhulumu hata yule anayemtaja, kwa sababu mgeni anaondoka bila kujua mtu huyo alipoteza nini hasa, na kwa nini hakukuwa na namna ya kukirudia.

Haya yote nilimwambia kijana pale pale kwenye boneti. Wateja wengine wangekasirikiwa. Yeye alinipa maka peni. "Mwalimu, nichoree." Nikachora mpaka wa 1921 kwa nyekundu na wa 1945 kwa bluu, yeye akaandika Lwów upande mmoja na Lviv upande wa pili wa nukta ileile. Nampa nyota nyingi kwa hilo peke yake.

Chakula tulikula Makambako: wali, maharage, mboga za majani na kuku wa kienyeji aliyeiva sawasawa. Sehemu aliichagua yeye na hakukosea.

Kidugala palitusumbua kidogo. Ni misheni ya zamani ya Kilutheri iliyoanzishwa na Wajerumani, na wakati wa vita ndiko wakimbizi walikopangiwa. Kijana hakuwa amepiga simu mapema kuomba kuingia, tukakaa garini muda mrefu huku upepo wa Wanging'ombe ukitupuliza, na tulipoingia jua lilikuwa linashuka. Makaburi tuliyaona kwa haraka mno. Hili ni kosa la huduma, na kwa laki mbili na nusu halikubaliki. Ama aondoke mapema zaidi, ama agawe safari iwe ya siku mbili kwa anayetaka. Njiani kurudi aliomba radhi, akaturudishia 30,000 bila kudaiwa.

Akiba ya maneno kwa mnaokwenda: chukueni sweta hata kama mjini kuna jua, vaeni viatu vya kufunika, msikanyage juu ya makaburi kutafuta picha. Bebeni noti ndogo kwa wanaofyeka nyasi. Na mkifika Ifunda, muulizeni kijana watu hawa walipokonywa ardhi ipi, na nani mwingine aliishi juu yake. Amenitumia picha ya manila mpya wiki iliyopita: Wolinia ipo, Galisia ipo, na majina ya miji ameyaandika kwa lugha zote mbili. Nimemwekea nafasi ya kidato cha nne kabla ya mtihani wa taifa, na kwa wanafunzi amekubali kupunguza hadi 180,000 kwa gari, chakula tutapika wenyewe.