Kinasa popo cha bei nafuu: kipi kitakusikilizisha popo wa Tabora badala ya nyenje

Mwezi wa kumi na moja nilimpigia muuzaji mmoja wa Kariakoo, nikamwambia nataka kifaa cha popo. "Kipo dada, orijino kabisa, elfu 85." Nikatuma pesa, mzigo ukaja kwa basi, nikaufuata stendi kwa bodaboda. Kufungua boksi nyumbani Cheyo, nakutana na kidude cha kuchomeka ukutani chenye taa ya bluu. Kifukuza popo! Mimi nataka kuwasikiliza, yeye kaniuzia cha kuwatimua. Nilipolalamika alishangaa kwelikweli: "Sasa dada, popo unawasikiliza wa nini?"

Simlaumu kwa hilo swali. Huku kwetu ukitaja popo, mtu anakumbuka harufu ya darini na madoa ukutani. Ninachomlaumu ni kukataa kurudisha hela, na baada ya hapo kuacha kupokea simu.

Kwa asiyejua: popo wanaokula wadudu hawako kimya hata kidogo. Wanapiga kelele muda wote wakiruka, wasikilize mwangwi, wajue mdudu yuko wapi. Shida ni kwamba sikio la binadamu linakomea kama kilohezi 20 (kilohezi ni kipimo cha sauti: namba ikipanda, sauti inakuwa nyembamba zaidi), na wengi wao wanapiga juu ya hapo. Kinasa popo kinaishusha sauti hiyo ikaingia sikioni. Mara ya kwanza nilipowasikia juu ya mwembe wangu nilicheka peke yangu gizani: tap, tap, tap, halafu popo akimkaribia mdudu tap zinakimbizana mpaka zinakuwa kama kitambaa kinachopasuliwa.

Uzito, rangi na dhamana sitavigusa. Dhamana ya kiwanda cha Uingereza utaidai vipi ukiwa Isevya? Ninalotaka kulisema, na ambalo sijaona muuzaji akilitaja, ni nyenje.

Vinasa vingi vya bei nafuu vinatoka Ulaya, na anayevisifu amevijaribu kwenye bustani za huko. Bustani ya Tabora kuanzia mvua za kwanza mpaka mwezi wa nne ni kitu kingine. Nyenje na panzi wa usiku wanaimba kila kona, na baadhi yao sauti zao zinapanda mpaka huko huko kwenye kilohezi 20, 30 na zaidi, kwenye uwanja wa popo. Kifaa hakijui nani ni popo na nani ni panzi. Kwa hiyo kabla hujauliza bei, uliza hivi: je, ninaweza kukiambia kisikilize wapi na wapi kiache?

Kinasa kiitwacho Batbox Baton hakiwezi. Sifa yake kubwa ni kwamba hakina cha kuzungusha: unabonyeza, kinakamata masafa yote, yaani sauti za kilohezi zote, kwa pamoja na kuyagawa kwa kumi. Wanaoanza wanaambiwa ndicho rahisi. Nilikiazima mwezi wa kwanza, nikasimama nacho uani nusu saa, nikasikia mafuta yanayokaanga migebuka. Popo nilikuwa nawaona kwa macho, wanapita mbele ya taa ya jirani, lakini kumtoa mmoja kwenye ule mchemko haikuwezekana. Wa mwisho kwenye orodha yangu.

Wa kwanza ni Magenta Bat 5, na sifichi kwamba nakipenda. Kinafanya kazi kwa njia ya heterodaini, ambayo jina linatisha lakini ni redio tu: unazungusha kitufe, unasikia kilichopo karibu na namba uliyoweka, vingine vinakaa kimya. Namba unaiona kwenye kioo kidogo. Naweka 45, nyenje wanabaki mbali, popo wadogo wanakuja wazi. Nikishusha 35 nawapata wengine wakubwa kidogo. Hasara zake ni mbili. Ukiwa kwenye 45, popo wa masafa mengine anaweza kukupita kichwani usimsikie. Na popo wa mkia huru, hawa wanaojibana chini ya mabati, hupiga karibu na 25, ambako wadudu ndio wenye nyumba. Hao nawasikiliza kiangazi, au nasimama karibu na paa saa moja na robo jioni wanapotoka. (Waage majirani kwanza. Mwanamke kusimama gizani chini ya mwembe na kidude kinachobofya, hapa mjini hadithi yake haichelewi.)

Magenta Bat 4 ni ndugu yake, kitufe kile kile bila kioo cha namba. Pesa ikiwa fupi chukua.

Katikati nakiweka Echo Meter Touch 2 cha Wildlife Acoustics ya Marekani, kinachochomekwa kwenye simu. Hiki hukuchorea sauti kwenye kioo, kwa hiyo mstari wa nyenje unauona na alama za popo unaziona pembeni yake. Hilo nakiri ni zuri. Ila kujirekodi kwake kunaamshwa na panzi vilevile, asubuhi unakuta simu imejaa mafaili ya panzi. Majina ya popo inayokupendekezea usiyaamini, maana haikufundishwa kwa popo wa Unyamwezi. Na angalia tundu la simu yako kabla ya kuagiza. Toleo la iPhone za zamani haliingii kwenye Android.

AudioMoth ni bei nzuri na inarekodi vizuri mno, mpaka kilohezi 192, kwa betri tatu ndogo na memori kadi. Lakini ni ya kuifunga mtini ukalale, kesho ufungue faili kwenye kompyuta. Mimi nataka kusikia sasa hivi, nikiwa nimeshika kikombe cha chai.

Sasa bei. Bat 5 yangu, kwa kujumlisha usafiri, ushuru, VAT ya asilimia 18 na "gharama za kushughulikia" ambazo hakuna aliyenifafanulia, ilinifikia kwa zaidi ya laki nne. Bei ya dukani ilikuwa kama robo tatu ya hapo. Na hao wa mitandaoni wanaosema wanavyo Dar, mbona kila ukiuliza bei ni "njoo inboksi"? Ukienda inboksi wanakuuliza uko wapi. Ukisema Tabora, bei inapanda treni kabla yako.

Wasomaji watatu wameniandikia kwamba vinasa vyao vimekufa: popo wamejaa kwenye maembe na kifaa kimya. Havijafa. Popo wakubwa wanaokula maembe wanatafuta chakula kwa macho na pua, wengi wao hawatumii sauti hizo. Kabla ya kugombana na muuzaji tikisa funguo mbele ya kifaa. Funguo zinatoa sauti za juu pia, na kinasa kizima lazima kikwaruze. Fanya hivyo hivyo dukani, kabla hujatoa hela.

Kile kifukuza popo nacho nimekipima kwa Bat 5. Kweli kinapiga kelele, na popo wangu wanapita juu yake kila jioni bila habari. Nakiuza elfu 30, na hiyo ndiyo bei, haiko inboksi.