Bima ya afya au mfuko wa mwajiri?
Uganda haina bima ya afya ya taifa inayofanya kazi, hivyo mwajiri wa Kampala huchagua mwenyewe jinsi ya kulipia matibabu ya wafanyakazi wake. Akinunua bima, gharama ya upasuaji mkubwa hubebwa na kampuni ya bima, hadi kikomo. Kikomo hicho ndicho cha kusoma kabla ya bei: ada nafuu huweza kuficha kiasi kidogo cha kulipia uzazi, au orodha fupi ya hospitali.

Mfuko wa ndani, yaani fedha anazotenga mwajiri mwenyewe, hulipa zahanati kwa kila ankara. Kwa malaria ni nafuu, ila ankara zisizokaguliwa huvimba. Dai majibu ya kipimo kabla ya kulipia dawa. Wafanyakazi wakiwa 30 tu, mgonjwa mmoja wa kusafishwa figo anaweza kuumaliza mfuko huo. Wafanyakazi wachache hivyo wakatiwe bima, mradi magonjwa sugu yamo ndani yake.