Udi na samaki wa kupaka darini, Lamu: uzoefu wetu mimi na mume wangu

Ndoa yetu ina miaka kumi na mmoja, na kuna ubishi wa tangu uchumba ambao mpaka leo hatujaumaliza: nani hasa bingwa wa taarab. Mume wangu ni mtu wa Malindi, na kwake mwimbaji Juma Bhalo ni kama jamaa wa nyumbani. Bhalo alizaliwa Malindi mwaka 1942, akatutoka 2014, na baba mkwe ana sanduku zima la kanda zake, nyingi zikiwa na chapa ya Mbwana Radio Service ya Mombasa. Mimi nimekulia Mombasa kwa mama wa Kiamu, na sikio langu liko kwa Zein l'Abdin, mwana wa Lamu, mwimbaji na mpiga udi, ile ala ya nyuzi, aliyekuwa akizigusa mara mbili tu nawe ukamjua. Mwenzangu anataka sauti ipande mpaka imtoe machozi. Mimi nataka udi useme na mwimbaji anyamaze kidogo.

Kwa chakula hatuna ubishi. Samaki, nazi, ndimu, pilipili, basi.

Januari tulikwenda Lamu kwa siku nne, na usiku wa pili tukala katika nyumba moja ya Mkomani ambako mama mwenyeji hupika na kukaribisha wageni, kisha juu darini watu watatu wanapiga taarab: mmoja udi, mmoja fidla, mmoja dumbak, ile ngoma ndogo. Wageni hawazidi kumi na wawili. Tulilipa shilingi 2,500 kila mtu, na humo mna chakula, juisi, kahawa na muziki. Kabla ya kwenda nilitafuta mtu aliyeeleza vizuri jinsi mambo yanavyokwenda pale nisimpate, kwa hivyo naeleza mimi.

Niseme kwanza kwa nini nilikuwa na wasiwasi. Mwaka uliopita, huko huko Malindi kwa mume wangu, tuliingia hoteli moja iliyotangaza usiku wa taarab na vyakula vya Kiswahili. Tukakuta kinanda cha umeme na spika mbili kubwa kando ya meza ya chakula, ukimwambia mwenzako nipe chumvi hasikii. Samaki alikuwa amekaa chini ya taa tangu jioni, amekauka mpaka mfupa. Mwimbaji, maskini, alikuwa na sauti nzuri, lakini hakuna aliyemsikiliza, watu wamebeba sahani wanapita mbele yake kwenda kuongeza wali. Mume wangu alisikitika kwa ajili ya yule mwimbaji kuliko kwa pesa zetu. Tulitoka kabla ya saa tatu.

Sasa huyu mama wa Lamu. Ukitaka nafasi unapiga simu siku moja kabla, isipite adhuhuri, kwa sababu samaki anamnunua mwenyewe asubuhi. Nilipopiga, baada ya salamu akaniuliza, "Mwapenda samaki gani, na nyimbo za nani?" Nimekula sehemu nyingi Pwani hii, kuanzia Vanga hadi Lamu, na sijawahi kuulizwa maswali hayo mawili kwa pumzi moja. Nikamwambia tewa akipatikana, la sivyo changu. Kwa nyimbo nikamtajia Zein, na mume wangu akaninyang'anya simu amtaje Bhalo. Mama akacheka, akasema, "Haya, wote wawili mtapata haki yenu."

Mkitaka kuona mapishi, mwambieni mapema, atawaita baada ya alasiri. Msikose. Tulipiga hodi saa kumi na moja kasoro. Ni nyumba ya mawe ya zamani, daka lenye baraza pande mbili, mlango wa nakshi, na ndani kijua cha jioni kinateremka ukutani kwenye chokaa. Lamu iliingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001, na watu wengi huja kutazama majumba haya kwa nje tu. Kukaa ndani, umevua viatu, harufu ya udi wa kufukiza inatoka chumba cha pili na ya thomu, yaani kitunguu saumu, inatoka jikoni, ni jambo jingine.

"Masalkheri, Ma."

"Masalkheri. Ndooni, wanangu, ndooni."

Jikoni binti alikuwa juu ya mbuzi akikuna nazi, ya sita hiyo. Hakuna mashine. Mama alinionyesha machicha: nazi ikikunwa kwa mkono hutoka nyembamba kama uzi, nayo hukamuka yote. Tui la kwanza, lile zito, aliliweka kando kwenye bakuli na kulifunika. La pili na la tatu, jepesi, likaenda kwenye wali. "Tui la kwanda huliharakishi," akaniambia kwa Kiamu chake, "likitokota sana hukatika." Mimi hupika samaki wa kupaka kila Ijumaa, na tui langu hukatika mara moja katika mara tatu. Kosa langu nililiona pale pale: natia ukwaju jiko likiwa kali. Yeye huondoa sufuria motoni, anatia ukwaju kidogo kidogo huku akikoroga kuelekea upande mmoja, halafu anairudisha kwenye makaa yaliyokwisha kufanya jivu.

Tewa alikuwa amepasuliwa mgongoni, kachanjwa, kasuguliwa ndimu, chumvi, thomu, tangawizi na pilipili mbichi za kusaga. Alichomwa juu ya mkaa mpaka nusu kuiva. Hapo ndipo kupaka kunapoanza. Mama anachota tui kwa upawa, analisambaza kwa mgongo wa upawa huo huo, anasubiri linyonywe, anageuza, anapaka tena. Nilihesabu mara saba. Kufikia ya tano, tui huwa limeshika, limefanya ngozi ya manjano yenye madoa ya kuungua pembeni, na mafuta ya nazi yakidondokea makaa moshi unapanda unamrudia samaki. Mume wangu alisimama karibu na lile jiko bila kusema neno, na yeye si mtu wa kunyamaza.

Baada ya isha tukapanda darini. Juu kuna paa la makuti, pande zote wazi, na kwa mbali unaziona taa za boti zikielekea Manda. Tuliketi busatini, sinia moja watu wanne, wenzetu wakiwa walimu wawili mtu na mkewe kutoka Garsen. Birika na beseni vikapita, tukanawa. Kisha wali wa nazi uliopaliwa makaa juu, punje moja moja, mikate ya mofa ya moto, mchuzi wa kamba, kachumbari, achari ya embe, na yule tewa katikati. Juisi ilikuwa ya embe ngowe, na Januari ndio wakati wake hasa, nzito unakaribia kuitafuna.

Hakukuwa na muziki. Wapigaji walikuwa wamekaa kona ya pili wakila sinia yao, chakula kile kile chetu. Nilidhani wamechelewa kuanza, nikamuuliza mama. Akasema hapa kwake mtu hali huku anaimbiwa, wala haimbi huku watu wanakula. Chakula kwanza, kikiondolewa na mikono ikinawiwa, ndipo udi utoke kwenye mfuko wake. Nafikiri hili ndilo linaloifanya nyumba hii iwe tofauti na kote tulikopita. Tulikula kwa utulivu, tukaongea, mwalimu akatusimulia mafuriko ya Mto Tana, mume wangu akauchambua mgongo wa tewa mpaka ukabaki kama kitana. Na wimbo ulipoanza hakuna kijiko kilicholia.

Kahawa chungu ya tangawizi ikaletwa na haluwa. Mpiga udi, mzee wa makamo mwenye kofia ya vito, alichukua karibu robo saa kuzilinganisha nyuzi zake. Umande wa bahari huzilegeza, akasema, kila usiku ni kuanza upya. Alikuwa akigusa uzi, anainamisha sikio juu ya tumbo la udi, anakaza kigingi kwa nywele tu, anagusa tena. Mgeni mmoja aliona anachelewa. Mimi ningeweza kukaa pale mpaka alfajiri nikimtazama analinganisha tu.

Alianza na kipande kisicho na maneno, taratibu. Kisha nyimbo tatu za Zein, na ya pili aliipiga kwa kibangala, ile ala ndogo iliyochongwa kwa kipande kimoja cha mti na kuwambwa ngozi, ambayo Zein naye alikuwa akiipiga. Sauti yake ni kavu kuliko ya udi, ina mkwaruzo kama mtu mzima anayekumbuka jambo. Aliponiona nimekodoa macho alinipa nikishike wimbo ulipokwisha. Ni chepesi mno. Shingoni mti umelika kwa vidole vya watu walionitangulia, umekuwa laini kama jiwe la kusugulia. Mama yangu alinisimulia kibangala nikiwa mtoto, na nimekishika nikiwa na miaka thelathini na minane, machozi yakanitoka mbele za watu, wala sikuona haya.

Halafu zamu ya Bhalo. Anayemjua Bhalo anajua nyimbo zake nyingi zilikwenda kwa sauti za Kihindi, na maneno ya nyingi yalitungwa na binamu yake, Ahmad Nassir, mshairi mkubwa. Katika kanda utasikia ala zimejaa. Pale darini palikuwa na udi, fidla na dumbak tu, na mwimbaji, ambaye ndiye mpiga fidla, aliimba kwa sauti ya chini kuliko Bhalo mwenyewe. Niliogopa mume wangu asipende. Alifumba macho. Beti ya tatu ilipokwisha akaniinamia sikioni: "Unajua maneno haya sikuwahi kuyasikia? Kanda ya baba imeliwa hapa hapa." Miaka yote ameimba ubeti ule kwa kubabaisha, na sasa ameupata. Akasimama kwenda kutunza, noti ya mia mbili, akairudia tena kwa ubeti ule ule, na mwimbaji akamrudilia polepole, neno kwa neno, huku akimtazama yeye.

Katika miaka kumi na mmoja sijampenda Bhalo kama usiku ule.

Sasa kasoro, maana zipo. Ngazi za kupandia darini ni kali, nyembamba, hazina pa kushika. Mwenye magoti mabovu atapata taabu, na msala uko chini. Umeme ulikatika mara mbili. Mwanga wa kandili ulikuwa mzuri, lakini jikoni feni ilizimika na wale mabinti walitota jasho, nadhani wanahitaji taa na feni za sola. Mkate wa sinia ulioletwa na kahawa ulikuwa mkavu, wa asubuhi huo. Asiyekula samaki aseme mapema sana, mgeni mmoja hakusema akaishia wali na kachumbari. Na muziki uliisha saa tano u nusu, hivyo usije na watoto wadogo.

Jambo jingine si la nyumba hii bali la njiani. Tulitoka Mombasa kwa basi, tukapita Malindi, Garsen, Witu hadi Mokowe, na pale gatini mwenye boti mmoja akatuvusha bila kutaja nauli, tulipofika akadai mara tatu ya waliyolipa wengine. Ulizeni bei mguu ukiwa bado nchi kavu. Bebeni pia noti ndogo ndogo za kutunza, kwa sababu mume wangu zilimwishia katikati na ilibidi akope kwa mwalimu.

Nilipomuuliza mama kama tuje tena Juni, alikataa. Wakati wa kusi bahari huchafuka, vyombo vidogo haviendi mbali, na yeye hatampikia mtu samaki wa barafu. Miezi hiyo hupika mbuzi na mbaazi, na muziki unaendelea. Anayetaka tewa asubiri kaskazi.

Kwa hivyo tumeagiza nafasi nne za Desemba, sisi na wazazi wa mume wangu. Nilimweleza mama habari ya magoti ya mama mkwe, akasema usiku huo atatandika chini, uani, wote tukae huko. Kisha akauliza maswali yake mawili. Baba mkwe ameshaandika nyimbo anazotaka kwenye karatasi, tisa, na mama mkwe anauliza kama kaa watakuwapo.