Bunduki za wenzo za kuwindia kulungu: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ikifika Septemba simu yangu haitulii. Ni Waswahili wenzangu wa huku Pennsylvania, wengine wako Ohio. Wamepata green card, wamemaliza kozi ya usalama wa uwindaji, sasa wanataka bunduki. Na wengi wanataka ile ya kwenye picha za kauboi: unashusha wenzo ulio chini ya kifyatulio, ganda linaruka, unaurudisha juu, risasi nyingine iko tayari. Siwalaumu. Sisi tuliokulia vijijini tulijua gobore, unashindilia baruti, unapiga moja, halafu unamwachia Mungu.

Huku bunduki hizi hazijafa, na sababu mojawapo ni sheria. Pennsylvania hairuhusu bunduki inayojipakia yenyewe kwa kulungu, kwa hiyo vizazi na vizazi vimewinda kwa wenzo, na maduka ya mitumba yamejaa bunduki za mababu. Msitu nao unasaidia. Ninakokaa mimi, kulungu nyingi nimezipiga chini ya yadi 100, katikati ya miti. Kwa umbali huo risasi ya .30-30, iliyoingia sokoni mwaka 1895, inatosha kabisa. Ikizidi yadi 200 usijaribu, utamjeruhi mnyama umfuate hadi usiku.

Kabla ya majina, elewa jambo moja kuhusu magazini. Nyingi kati ya bunduki hizi zinabeba risasi ndani ya bomba lililo chini ya mtutu. Risasi zimelala foleni, kichwa cha hii kimegusa fataki, yaani kile kitako kinachowasha baruti, ya ile iliyo mbele yake. Kichwa kikiwa chenye ncha kali, mshtuko wa mlio mmoja unaweza kulipua nyingine humo humo ndani. Ndiyo maana risasi za bomba huwa na vichwa bapa, au ncha laini ya plastiki kama zile za LEVERevolution za kampuni ya risasi ya Hornady. Ukinunua bunduki ya bomba usije ukadanganywa na risasi yoyote yenye ncha kali eti "zote ni .30".

Namba moja kwangu ni Marlin 336. Imetengenezwa tangu 1948, na sifa yake kubwa ni kwamba ganda linatokea ubavuni, si juu. Juu ni chuma kitupu, bapa, unafunga darubini moja kwa moja. Kijana wa miaka 25 ataona hilo ni dogo. Mimi nimepita hamsini, vilengeo vya chuma naviona kama nzi wawili kwenye ukungu.

Ila Marlin ina historia, na historia hiyo ndiyo bei yake. Za zamani, zilizotoka kiwanda cha North Haven, Connecticut, zina mhuri mdogo wa JM kwenye mtutu, karibu na mwili wa bunduki. Kampuni ilinunuliwa na kundi la Remington, kiwanda kikahamishwa, na wawindaji wakalalamika miaka kadhaa kuhusu mbao zisizokaa sawa na vilengeo vilivyopinda. Remington ilipofilisika mwaka 2020, Ruger akainunua Marlin, na sasa zinatoka Mayodan, North Carolina. Hizi mpya ni nzuri sana, namba ya bunduki iliyochapwa kwenye chuma huanza na RM, lakini bei ya 336 mpya imevuka dola 1,000. Ukipata JM iliyotunzwa kwa bei ndogo kuliko hiyo, chukua.

Ukiwa dukani na ya mtumba mkononi, usiishie kumulika mtutu. Omba risasi bandia tano au sita, mwombe muuzaji ruhusa, elekeza mdomo wa bunduki pasipo na mtu, kisha ziendeshe zote kwa wenzo, mara ya kwanza polepole, mara ya pili kwa nguvu. Marlin iliyochoka ina ugonjwa wake: chuma kinachoinua risasi kinalika na ncha ya wenzo, mwisho risasi ya pili inachungulia chini yake na kila kitu kinakwama. Mimi yangu ya kwanza sikuijaribu. Ilikwama mbele ya dume wa pembe zenye ncha nane, nikabaki navuta wenzo kama mtu anayepambana na mlango wa daladala.

Ya pili ni Savage 99, na nasema ya pili kwa sababu tu kuipata ni bahati. Arthur Savage aliibuni mwishoni mwa karne ya 19, na haikuwa na bomba wala nyundo ya nje. Risasi tano zinakaa kwenye kigurudumu kinachozunguka ndani ya tumbo la bunduki, kila moja chumbani kwake, kwa hiyo ncha kali hazina neno na unapiga mbali zaidi. Nyingi zina kidirisha upande wa kushoto kinachoonyesha namba ya risasi zilizobaki. Kwa fundi wa wakati ule, ile ni saa ya ukutani. Haitengenezwi tena. Tafuta ya .308 au .300 Savage, ya .303 Savage iache kwa wakusanyaji, risasi zake ni shida kuzipata. Na angalia ubao nyuma ya mwili wa bunduki, pale unapokutana na chuma. Ufa mwembamba kama unywele hapo ni wa kawaida, na ni hoja nzuri ya kupunguziwa bei.

Winchester 94 naiweka ya tatu, najua watu watanuna. Ni kazi ya mbunifu wa bunduki John Browning, zimeuzwa zaidi ya milioni 7, ni nyembamba, nyepesi, na mkononi hakuna kama hiyo. Lakini za zamani zinatupa ganda juu, darubini huwezi kuifunga katikati. Halafu kuna mwaka 1964. Kampuni ilibana matumizi, vyuma vya kuchonga vikawa vya kubonyeza, na mwili wa bunduki nyingi za baada ya hapo ukikwaruzika haupokei tena ile rangi ya bluu ya kulinda chuma ipasavyo. Namba ya bunduki iliyo chini ya 2,700,000 ni ya kabla, na muuzaji anajua, atakulipisha. Za baadaye zinaua kulungu vilevile. Zinazouzwa mpya leo zinatoka kiwanda cha Miroku, Japani, na zimekamilika kuliko za babu.

Tahadhari kwa Marlin na Winchester za zamani: hazina kitufe cha usalama. Unaishusha nyundo kwa dole gumba hadi nusu ya njia, ikae hapo. Asubuhi ya barafu, dole limekufa ganzi, nyundo inaponyoka. Jizoeze nyumbani bila risasi.

Browning BLR ina magazini ya kasha na inapiga risasi za kisasa, lakini usithubutu kuifungua mwenyewe, meno yake ya ndani yakikosana utarudi kwa fundi na mfuko wa vyuma. Henry ya shaba inang'aa kama sinia la harusi, na ni nzito hivyo hivyo. Ile Henry inayopakiwa kwa mbele, kwenye bomba, inachelewa kujazwa ila ni rahisi kuimwaga: unavuta mrija, unainamisha, risasi zinatoka bila kuzipitisha kwenye chumba cha kufyatulia.

Mwaka jana dada mmoja wa Columbus alinipigia. "Kaka, nimeshaiona Marlin ya .30-30, nilipie?" Nikamwambia subiri. Ohio, bunduki za aina hii kwa kulungu zinaruhusiwa zikiwa za ganda lililonyooka tu, na ganda la .30-30 lina shingo. Orodha yangu yote ikaporomoka. Nilimtajia Marlin 1895 ya .45-70, akaenda kuijaribu uwanjani, akarudi na bega la bluu. Mwisho akachukua Rossi R92 ya Brazili, .357 Magnum, nakala ya Winchester ya 1892. Nyepesi, bei ya chini, na anajiwekea mpaka wa yadi 75.