Number 12 ya Anas: mfuko mweusi, dola 65,000 na refa wa Kenya

Kama bado hujaicheki Number 12, dokyumentari ya mwandishi wa uchunguzi Anas Aremeyaw Anas kuhusu rushwa kwenye soka la Ghana, itafute, BBC Africa Eye nao wana toleo lao linaitwa Betraying the Game. Ilitoka Juni 2018, siku chache tu kabla ya Kombe la Dunia kule Urusi, we fikiria timing hiyo.

Kamera za siri zimefanya kazi balaa. Refa anapokea hela, anashukuru, anaingiza mfukoni, anakuja mwingine, halafu mwingine tena, mpaka unachoka, na nadhani ndo walichotaka, uchoke. Ila ikifika zamu ya Kwesi Nyantakyi utakaa sawa. Huyu ndo alikuwa rais wa chama cha soka Ghana, makamu wa kwanza wa rais CAF (shirikisho la soka Afrika), mjumbe wa baraza la FIFA, mtu mzito kabisa, alafu yuko hotelini na jamaa aliyejifanya tajiri anataka kudhamini ligi, anapewa dola 65,000 anazitupia kwenye mfuko mweusi wa rambo kama katoka kununua nyanya sokoni. FIFA wakamfungia maisha, baadae CAS, mahakama ya michezo, wakapunguza ikawa miaka 15.

Kwa sisi wa huku kilichouma ni Aden Marwa, refa msaidizi wa Kenya. Jina lilishapita kwenda Urusi, akanaswa na dola 600. Mia sita jamani! Urusi ikaota mbawa, CAF nao wakamfungia maisha.

Hapo ndo na mimi nina neno. Hela zinazotolewa mle ni mtego wa timu ya Anas yenyewe, kwa hiyo anayepokea unamjua mpaka sura, ila yule mwenye klabu anayehonga marefa kila wiki bila kamera yoyote humuoni sawasawa. Na refa wa mia sita kuwekwa kapu moja na bosi wa elfu sitini na tano, mmh, sijapenda.

Tv zetu sasa. Penalti ya Simba na Yanga itachambuliwa wiki nzima na watu wanne wenye suti, lakini kumfuata refa mpaka hotelini hakuna. Waandishi wenyewe siwalaumu lakini, maana Ahmed Hussein-Suale aliyekuwa kwenye timu ya Anas alipigwa risasi akafa Accra Januari 2019, na kabla ya hapo mbunge mmoja alishaonyesha picha yake kwenye tv na kuhimiza apigwe. Nani mwenye familia atataka hiyo kazi, tena kwa mishahara hii.

Naipa nane kwa kumi. Moja nimekata kwa hao wahongaji wasioonekana, nyingine kwa msimulizi, anahubiri mno wakati picha zishasema.