Mwezi wangu wa baleti: keti juu London, keti chini Copenhagen

Kiti ulichokalia ndicho kinachoamua ni baleti gani utakayoiona. Nimemaliza mwezi mzima wa kuhama kutoka London hadi Paris, kisha Copenhagen, kwa ajili ya baleti tu, na jambo hilo limenikaa kichwani kuliko dhahabu na velveti zote nilizozikuta kumbini. Wapenzi wenzangu wengi huhangaika kujua nani atacheza usiku upi. Mimi sasa naanza na ramani ya ukumbi, maana kazi ileile, ikichezwa na watu walewale, humfikia aliye juu kwa namna moja na aliye chini kwa namna nyingine kabisa.

London nilikwenda Royal Opera House, pale Covent Garden, kutazama Swan Lake. Ukumbi una viti zaidi ya 2,200, nami nilichagua ngazi ya juu kabisa, katikati. Kutoka huko huwezi kusoma sura ya mtu bila darubini ndogo. Unachokisoma ni sakafu, na katika Swan Lake sakafu ndiyo yenye habari. Baleti hii ilionyeshwa kwanza Moscow mwaka 1877, lakini inayochezwa leo karibu kila mahali imetokana na ile ya St Petersburg ya 1895, ambayo Marius Petipa alitunga sehemu za ikulu na Lev Ivanov akatunga zile za ziwani. Tchaikovsky, mtunzi wa muziki wake, hakuwahi kuiona hii ya 1895. Alikuwa amefariki mwaka 1893. Kazi ya Ivanov inaonekana vizuri kutoka juu. Mabata maji wanaingia mmoja nyuma ya mwingine, mstari unajipinda, unarudi, unajipinda tena, mpaka jukwaa zima limejaa na hujui ni saa ngapi limejaa. Halafu mistari inafunguka, na Odette, malkia wao, anatokea katikati ya nafasi ambayo wenzake wamemtengenezea. Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi kwenye skrini, na kamera kila mara ilikuwa imemfuata Odette na kuwaacha wengine nje ya picha.

Faida nyingine ya kukaa juu imo kwenye ile mizunguko 32 ya Odile, binti wa mchawi anayejifanya Odette, aliyoiingiza mchezaji Pierina Legnani katika onyesho la 1895. Watu huihesabu kwa sauti ya chini. Ukiwa juu usiihesabu. Tazama mguu anaosimamia. Mchezaji niliyemwona mimi alianza na kumaliza pale pale, kana kwamba amepigiliwa msumari, na ukumbi ulilipuka kwa makofi kabla hajamaliza. Aliyekaa chini anaona kasi. Wa juu anaona pia kwamba hakusogea, na hiyo ndiyo kazi ngumu zaidi.

Treni ya kupita chini ya bahari kwenda Paris inachukua muda wa zaidi kidogo ya saa mbili, na inakushusha Gare du Nord, katikati ya jiji. Sina la kuongeza hapo.

Palais Garnier, jumba la opera la Paris, ilifunguliwa mwaka 1875, na dari aliyoichora Marc Chagall iliwekwa 1964. Fika mapema uitazame, kwa sababu taa zikishazimwa haitakusaidia. Kitu cha kujua kuhusu ukumbi huu ni umbo lake: vibanda vya watazamaji vimezunguka kama kwato ya farasi, kwa hiyo kiti cha pembeni, hata kiwe karibu namna gani na jukwaa, kitakunyima upande mmoja. Tiketi za viti hivyo huandikwa wazi kwamba mwonekano una upungufu. Jukwaa lenyewe linateremka kuelekea watazamaji, na mteremko huo unamsaidia aliyekaa chini, kwani safu za nyuma za wachezaji zinainuka kidogo machoni pake.

Nilikwenda kwa ajili ya Giselle, na niliitazama mara mbili kwa makusudi: usiku mmoja juu, usiku mwingine chini. Baleti hii ni ya kundi hili hili la Paris. Ilichezwa mara ya kwanza tarehe 28 Juni 1841, Carlotta Grisi akiwa Giselle, katika ukumbi wao wa zamani ulioteketea kwa moto mwaka 1873. Sehemu ya kwanza ni ya kijiji na ya uso. Msichana anagundua kwamba mpenzi wake ni mwana wa kabaila aliyejificha, tena ana mchumba, na akili inamwacha mbele ya mama yake. Kutoka juu niliona mtu akizunguka na nywele zimemfunguka. Kutoka chini niliona kitu kingine: alikuwa akikumbuka. Alirudia hatua za mwanzo, zile alizocheza akiwa na furaha, vidole vikichuma petali za ua lisilokuwepo, na macho yake hayakumtazama yeyote jukwaani. Mama aliyekaa jirani yangu alishika mkono wa mumewe na hakuuachia mpaka pazia lilipofungwa.

Lakini sehemu ya pili, ya mizimu ya wasichana waliokufa kabla ya harusi zao, iliniponyoka nikiwa chini. Mistari ilishikana ikawa ukuta mweupe. Tena ukiwa karibu unasikia viatu. Viatu vya kusimamia vidole vina ncha iliyotengenezwa kwa matabaka ya kitambaa na gundi, na vikigonga sakafu vingi kwa pamoja, mzimu unageuka kuwa mtu mwenye uzito. Juu hakuna sauti hiyo. Makundi mawili yanarukaruka kwa mguu mmoja, mguu mwingine umenyooshwa nyuma, yanakutana katikati, yanapita ndani ya mwenzake na kutokea upande wa pili bila nafasi kati ya mtu na mtu kubadilika. Nilihisi baridi mgongoni. Shule ya opera hiyo ina historia inayoanzia 1713, na pale ndipo unapoiona, kwa wachezaji wa kundi ambao hakuna anayewapelekea maua. Kama una usiku mmoja tu wa Giselle, mimi nasema kaa juu, katikati, ubebe darubini kwa ajili ya sehemu ya kwanza.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda Musée d'Orsay kuiona sanamu ya msanii Degas, ya mchezaji binti mwenye miaka kumi na minne. Ile ya awali, ya nta, ilionyeshwa mwaka 1881, na hizi za shaba zilitengenezwa baada ya Degas kufariki. Aliyekuwa mfano wake, Marie van Goethem, alikuwa mwanafunzi wa shule ya opera hiyo hiyo. Sketi ni ya kitambaa cha kweli, utepe wa nywele ni wa kweli, kidevu kimeinuliwa. Zunguka nyuma yake. Huko mikono imenyooka na vidole vimefungamana kwa nguvu, na nguvu hiyo haionekani kabisa mbele. Nilikaa pale muda mrefu nikichora mikono tu. Tangu hapo nilibeba daftari kila ukumbi, na wakati wa mapumziko nilichora nilichokumbuka: nukta na mishale kwa usiku wa juu, nyuso na vidole kwa usiku wa chini.

Daftari langu la Copenhagen limejaa nyuso. Hapo nilikaa chini, karibu, na nisingebadilisha kiti hicho kwa kingine chochote. Theatre ya Kifalme iko Kongens Nytorv, jengo la 1874, na kazi niliyoifuata ni La Sylphide ya August Bournonville, mtunzi wa baleti wa Denmark. Ni hadithi ya kijana James na sylph, roho wa hewani anayempenda. Aliiona Paris ikichezwa na Marie Taglioni, akataka kuipeleka kwao, lakini bei ya muziki ikawa kubwa mno, basi akaagiza muziki mpya kwa Løvenskiold na kuionyesha mwaka 1836, yeye mwenyewe akicheza kama James. Toleo la Paris liliachwa, la kwake limeendelea kuchezwa.

Bournonville aliandika kwa ajili ya macho ya karibu. Wachezaji wake wanaruka bila kukuonyesha maandalizi, mikono imetulia chini, na uso haubadiliki kana kwamba kuruka ni sehemu ya kutembea. Nusu ya hadithi inasimuliwa kwa ishara za mikono. Bibi mchawi Madge anasoma viganja vya wasichana, na kutoka safu za mbele nilimwona akifurahia habari mbaya kabla hajaitoa. Mwishoni James anamfunga sylph shela iliyotiwa sumu, mabawa yanadondoka, naye anapapasa hewa kwa sababu macho yamekufa. Mabawa yale ni madogo. Kutoka ngazi ya juu ningeyakosa, na bila hayo kifo chenyewe hakieleweki. Kwangu huu ndio usiku bora wa mwezi mzima.

Kuhusu tiketi: nunua kwenye dirisha au tovuti ya ukumbi wenyewe. Kwa onyesho moja nilipitia muuzaji wa kati mtandaoni, nikalipia kiti cha katikati, nikapewa nyuma ya nguzo, na barua zangu za malalamiko hazijajibiwa. Tovuti za kumbi hizi zinaonyesha nafasi ya kila kiti, na zinataja wazi vile vyenye kizuizi.

Safari inayofuata ni Stuttgart, kwa Onegin, baleti ya John Cranko, iliyoonyeshwa huko kwanza mwaka 1965. Ninaitaka kwa ajili ya ile ndoto ya Tatiana, msichana anayempenda Onegin, anapomwona akitoka ndani ya kioo cha chumbani kwake. Kiti nimeshakiamua: chini, katikati, kwa sababu kioo kinamtazama aliye mbele yake.