Kidude cha kupima waongo: kinavyofanya kwenye joto la Malindi

Kwa mnaoniuliza kuhusu kile kidude cheusi nilichoagiza mtandaoni, haya basi. Ni cha plastiki, ukubwa wake sahani ya chai, kimechongwa umbo la kiganja juu na vijishimo vya kutilia vidole. Unaweka mkono, unafungwa ukanda, unaulizwa swali. Taa zinazunguka, kisha ama inawaka ya kijani ukatoka salama, ama nyekundu ukapigwa shoti. Shoti yenyewe haiui, lakini nimeona mtu mzima na buibui lake akimwita mamake. Shilingi 1,800, na nauli ya kukileta kutoka Mombasa juu yangu. Betri hazimo.

Nilikinunua kwa ajili ya baraza letu la jioni hapa Shela ya Malindi, wanawake watupu, tukishafunga maduka. Kwa kazi hiyo sina neno. Shemeji yangu aliulizwa kama mahamri anayouza anayakaanga mwenyewe. Nyekundu! Tulicheka mpaka nyumba ya pili wakafungua dirisha.

Lawama yangu ni kwa maelezo ya muuzaji, aliyeandika kwamba kinawafaa pia waajiri wenye wafanyakazi wasioaminika. Hapo ndipo penye uongo mkubwa kuliko wote uliopita kwenye hicho kidude. Uongo hakiujui. Kinapima jasho la ngozi tu, maana umeme mdogo hupita kwa urahisi palipo na maji. Na sisi tulikuwa mwezi wa Machi, kaskazi imekufa, kusi haijaingia, hata leso ya kufutia uso imelowa. Kadzo, msichana anayeniuzia dukani, aliulizwa jina lake, akataja jina lake, akapigwa shoti. Mzee wa samaki akapita na ndoo yake, tukamkalisha. Viganja vyake vimekakamaa kwa miaka ya kuvuta kamba. Akasema ana umri wa miaka ishirini na ameshafika mwezini. Kijani. Akaongeza kwamba samaki wake wote ni wa leo. Kijani tena.

Kadzo ndiye aliyeanza kucheka, akasema kwao Ganda hiki kingeitwa kiraho cha betri, kiraho kikiwa ni kiapo cha kumpima mtuhumiwa. Viraho Wagiriama wanavyo vya namna nyingi, na mashuhuri ni kiraho cha tsoka: shoka linatiwa motoni mpaka liwe jekundu, mganga anatamka maneno yake, linapitishwa kwenye kiganja cha anayetuhumiwa. Kikitoka malengelenge, ana hatia. Kipo na cha papai, la kuliwa baada ya kuombewa. "Lakini bi mkubwa," akaniambia, "babu yangu alikuwa akisema kesi nyingi ziliisha shoka likiwa bado baridi." Watu wanakubaliana siku, wanachanga ada, pande zote mbili zinasafiri kwa mganga, ndugu wanakaa pamoja wakimtazama mtu usoni. Aliyeiba ana usiku kucha wa kulifikiria lile shoka.

Mimi ni mtu wa Lamu, nikamwelewa mara moja. Bangili ya dhahabu ya bibi yangu ilipotea nyumbani siku za arusi, wageni wamejaa hadi ukumbini. Bibi hakumshika mtu. Alitangaza tu, kwa sauti ya kusikika jikoni, kwamba Ijumaa itasomwa Halbadiri, kisomo cha kumwapiza mwizi, yatajwe majina ya watu wa Badri mmoja baada ya mwingine. Alhamisi alfajiri bangili ilikuwa juu ya daka, imezungushiwa karatasi ya gazeti. Hakukusomwa kitu, na mpaka bibi anafariki hakuna aliyeuliza ni nani.

Nisionekane nasifu. Mambo haya yameua. Bukini, ambako leo ni Madagaska, mtuhumiwa alimezeshwa sumu ya tangena pamoja na vipande vitatu vya ngozi ya kuku, na asipovitapika vyote vitatu ana hatia, kama sumu yenyewe haijammaliza. Ilikatazwa mwaka 1863, watu wengi sana wakiwa wameshakufa. Na wenzetu wa Ulaya wasitucheke. Uingereza mtu alibebeshwa chuma cha moto, mkono ukafungwa kitambaa, ukafunguliwa baada ya siku 3. Kidonda kikiwa safi ameokoka, kikitunga usaha amekwisha. Lakini kidonda kina usaha au hakina, aliyeamua ni padri, binadamu mwenye macho na wa kijijini hapo hapo. Papa Innocent wa Tatu na mkutano wake wa kanisa wa Laterano, kule Roma, walipowakataza mapadri kushiriki, mwaka 1215, mambo yalikwama. Mwaka 1219 majaji wa Uingereza waliambiwa waache, na pengo lile likajazwa na baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wanaoamua kama mtu ana hatia.

Nayasema haya kwa sababu jirani yangu mwenye duka la vipuri amekuja kukiazima. Fedha zinapungua kwenye droo, anataka kuwapima vijana wake. Nimemnyima. Hammurabi wa Babeli, karibu miaka 3,800 iliyopita, aliweka sheria: anayeshtakiwa uchawi ajitose mtoni, na akitoka mzima, aliyemshtaki anauawa na nyumba yake anaichukua aliyeshtakiwa. Ukali wa kutisha, lakini mshtaki naye alikuwa na cha kupoteza. Nikamuuliza jirani, taa ikiwaka kijani utamlipa nini huyo kijana? Akanyamaza. Katiba yetu ya 2010, kifungu 159, inaruhusu njia za jadi za kusuluhisha, mradi zisivunje haki za mtu; sidhani mkono kufungwa ukanda na mwajiri umo. Hata ile mashine kubwa ya polisi ya kupimia uongo, iliyotengenezwa na John Larson kule Berkeley mwaka 1921, inayopima mpaka pumzi na msukumo wa damu, Marekani wenyewe waliwakataza waajiri wengi wa binafsi kuitumia tangu 1988.

Kwa mchezo nakipa nyota tatu. Moja nimeitoa kwa hayo maelezo ya muuzaji, nyingine kwa kifuniko cha betri, kinachofungwa na skrubu ndogo ambayo bisibisi ya kawaida haiingii. Nilimpelekea fundi wa saa. Swichi ya kupunguza shoti iko chini, na hata ikiwa mwisho kabisa bado kinauma, kwa hiyo watoto wadogo na wenye maradhi ya moyo wasiguse. Mkikitaka, subirini mwezi wa saba joto lipungue, la sivyo jioni nzima mtakuwa waongo nyote.